Uzito Si Daraja: Kipimo cha Damu cha Tezi Dume na Wanaume wa Tabora



Nianze na neno lenyewe, maana nusu ya taabu yetu imo humo. Mzee akifika kituo cha afya husema, "Daktari, naumwa tezi dume." Mwenzake aliyetoka maabara na karatasi mkononi husema, "Nimekutwa na PSA." Nimezisikia kauli hizi mara nyingi mno hapa Tabora, na zote mbili si sahihi. Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo, na kila mwanamume aliyeketi ukumbini humu amezaliwa nacho. PSA nayo si ugonjwa. Kila mwanamume mwenye tezi dume anayo katika damu, mwenye afya na mgonjwa. Anayesema amekutwa na PSA ni sawa na anayesema amekutwa na mapigo ya moyo. Swali ni kiasi gani, na kiasi hicho kimetokana na nini.

Nimekuja kuzungumzia swali hilo. Sikuja kama mgeni wake.

Baba yangu mkubwa alikuwa mfuga nyuki wa Sikonge. Alitundika mizinga yake porini mpaka alipopita miaka 70, na alipanda miti kwa kamba kama kijana. Mwaka mmoja akaanza kulalamika mgongo. Tukasema ni kazi. Zahanati wakampa dawa za maumivu, akarudi porini. Usiku alikuwa akiamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, lakini hilo hakumwambia mtu. Mke wake alilijua akanyamaza naye. Alipoletwa mjini alikuwa hawezi kusimama bila fimbo. Damu yake ilipopimwa, PSA ilikuwa 312. Saratani ilikuwa imetoka kwenye tezi zamani, imekwisha kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Alipata tiba ya kuzuia homoni, maumivu yakapungua kwa muda, akaishi miaka miwili. Katika maisha yake yote kile kilikuwa kipimo chake cha kwanza cha PSA.

Kwa nini alinyamaza? Wanahistoria wa nchi hii wameandika kwamba katika karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili mpaka awe amebeba mzigo mpaka pwani na kurudi. Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini kwenda Katanga. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani, miezi mitatu. Bega likichubuka hakusema. Sifa ile ilijenga mji huu, nami naiheshimu. Lakini uvumilivu ambao ulikuwa sifa njiani umekuwa sumu katika jambo hili la leo, kwa sababu saratani ya tezi dume ikiwa changa haiumi kabisa. Mwanamume anayengoja maumivu ndipo aende kupimwa, anangoja mpaka ugonjwa umeshahama nyumba.

Sasa tuingie kwenye damu yenyewe.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mfereji wa mkojo. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu changa, uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Ndani ya majimaji hayo mna protini inayoyalainisha yasigande, ili mbegu ziweze kusafiri. Protini hiyo ndiyo PSA. Mahali pake ni kwenye manii, si kwenye damu. Kiasi kidogo sana huvuja kuingia kwenye damu, na kuta za tezi zikiharibika au tezi ikiwa kubwa, kinachovuja huongezeka. Kipimo hutazama huko kuvuja, basi. Hakitazami saratani.

Mtaalamu wa maabara huchukua damu kidogo mkononi, huiacha igande, huizungusha kwenye mashine mpaka majimaji ya rangi ya majani makavu yajitenge juu. Majimaji hayo hukutanishwa na kingamwili zilizotengenezwa kuinasa PSA na kitu kingine chochote zikiache. Mashine huhesabu kilichonaswa, kisha hutoa jibu kwa nanogramu katika kila mililita. Babu zetu walipima pembe za ndovu kwa frasila. Nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Kwa kipimo cha vitu vidogo kiasi hicho, tofauti ndogo kati ya mashine na mashine ni jambo la kawaida. Ndiyo maana nasema: ukiweza, rudia kipimo chako maabara ileile. Mkulima hauzi robota moja la tumbaku kwa mizani mbili.

Namba ambayo wengi wameisikia ni 4. Chini ya 4, salama. Juu ya 4, hatari. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Namba 4 ni mstari uliochorwa na watu ili wapate pa kuanzia. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4, wakachukuliwa vinyama kwenye tezi bila kujali namba. Karibu 15 kati ya kila 100 walikuwa na saratani, ingawa nyingi kati ya hizo zilikuwa za aina ya polepole. Upande wa pili, kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10, takriban mmoja kati ya wanne tu ndiye hukutwa na saratani. Watatu hawana. Namba yao imepandishwa na jambo jingine.

Jambo hilo jingine ni lipi? Kwanza ni umri: tezi hukua mwanamume anavyozeeka, na tezi kubwa huvujisha zaidi. Kukua huku kwa kawaida si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, ingawa ndiko kunakowaamsha wazee usiku na kuufanya mkojo ukatike. Pili ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya tezi yenyewe, ambayo yanaweza kuirusha PSA juu sana kwa wiki kadhaa. Tatu ni mpira wa mkojo. Kutoa manii siku moja au mbili kabla ya kipimo huongeza kidogo. Na kuna baiskeli. Katika mkoa huu ambako mtu huendesha baiskeli tangu Urambo mpaka mjini na gunia nyuma, naona ni haki niitaje: safari ndefu ya baiskeli inaweza kuisukuma namba juu kidogo, kwa hiyo mwenye kwenda kupima aiache nyumbani siku mbili. Zipo pia dawa za kupunguza tezi, finasteride na dutasteride, ambazo hushusha PSA kwa karibu nusu. Anayezimeza bila kumwambia daktari atapewa namba inayomdanganya kwa upande wa kumtuliza.

Jirani yangu alipatwa na haya. Mkojo ulimziba usiku, akawekewa mpira, na wiki hiyohiyo mtu akampima PSA. Ikatoka 9. Akaambiwa mlangoni, bila kuketishwa, kwamba ana dalili za saratani. Kabla hajarudi kwa daktari mwingine alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya safari ya Dar es Salaam, na amewaita wanawe kugawa shamba. Alitibiwa maambukizi, mpira ukatolewa, ikangojwa wiki nane. Kipimo cha pili kilikuwa 2.8. Ng'ombe hawakurudi.

Nina mfano mmoja ambao watu wa Tabora wataupokea upesi kuliko wengine. Hapa tunalima tumbaku. Siku ya soko robota linapandishwa kwenye mizani, uzito unaandikwa. Je, mkulima amekwisha kujua bei yake? Bado. Lazima mteuzi afungue, ashike jani, atazame rangi, mwili na afya ya jani, kisha alipe daraja. Marobota mawili ya uzito mmoja yanaweza kutofautiana bei vibaya sana. PSA ni mizani. Hutoa uzito. Daraja hutolewa na kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi kwa sindano nyembamba na kutazamwa chini ya darubini. Mpango wa madaraja hayo ulianzishwa na daktari wa Marekani, Donald Gleason, katika miaka ya 1960, na mpaka leo jina lake limo kwenye majibu: Gleason 6 ni saratani tulivu, 9 na 10 ni kali. Sasa madaktari huyapanga pia katika makundi matano, la 1 hadi la 5. Anayewaza kupasuliwa kwa sababu ya PSA peke yake ni kama anayekubali bei kabla robota halijafunguliwa.

Kati ya mizani na mteuzi kuna hatua za kupita. Ya kwanza ni kurudia kipimo baada ya wiki sita hadi nane, maambukizi yakiwa yametibiwa. Ya pili ni kupima ni sehemu gani ya PSA iko huru katika damu bila kushikamana na protini nyingine: sehemu huru ikiwa chini ya asilimia 10 shaka huongezeka, ikizidi 25 hupungua. Ya tatu ni altrasaundi, ili namba ilinganishwe na ukubwa wa tezi, maana PSA ya 6 katika tezi kubwa mno si sawa na 6 katika tezi ndogo. Penye mashine ya MRI, picha yake hutangulia sindano na huwaokoa wengi wasichomwe bure. Ipo pia ile ya kidole, na nitairudia.

Mtasikia kwamba hata wataalamu wa dunia wamegombana juu ya PSA. Ni kweli, na ugomvi wao una faida kwetu. Marekani iliruhusu kipimo hiki mwaka 1986 kwa kazi ya kuwafuatilia watu ambao tayari wana saratani, na kwa kazi hiyo hakuna anayekipinga: aliyeondolewa tezi, PSA yake inapaswa kushuka karibu na sifuri, na ikipanda tena ugonjwa umerudi. Mwaka 1994 kikaruhusiwa kutafuta saratani kwa watu wasiojijua. Hapo wakapimwa mamilioni. Richard Ablin, mmoja wa wanasayansi walioichunguza protini hiyo mwanzoni, tangu mwaka 1970, akawa mpinzani mkubwa wa kuwapima watu wote. Mwaka 2012 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga likasema PSA isitumike kwa uchunguzi wa wote. Mwaka 2018 likalegeza: mwenye miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari.

Sababu ya kusitasita ni hii. Uchunguzi wa maiti za wanaume waliokufa kwa mambo mengine umeonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya waliovuka miaka 70 walikuwa na saratani ndogo katika tezi, wakaishi nayo bila kuijua. Ukiitafuta utaipata. Ukiipata utashawishika kuitibu. Na kupasuliwa au kupigwa mionzi kunaweza kumwachia mtu mkojo usiozuilika na kumwondolea nguvu za kiume. Huko Uingereza wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa mapema kwa PSA waligawanywa: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka 15, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa huo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akapata mionzi, akaishi miaka 12 zaidi.

Lakini upo upande wa pili wa mizani, nami nauona mzito. Uchunguzi wa Ulaya wa wanaume zaidi ya 160,000 wenye miaka 55 hadi 69 ulionyesha kwamba kupima PSA kunapunguza vifo. Baada ya miaka 13, kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 781 walioalikwa. Baada ya miaka 23, katika matokeo ya mwaka 2025, hesabu ikawa kifo kimoja kwa kila 456. Faida inakuja taratibu, kama kivuli cha mwembe: aliyeupanda si lazima akikalie. Ndiyo maana mzee wa miaka 80 asiye na dalili simhimizi kupima, na mwanawe wa miaka 52 namhimiza sana.

Tena wale walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa. Katika Afrika kusini mwa Sahara hakujafanyika uchunguzi wa aina hiyo, na saratani ya tezi dume ndiyo inayoua wanaume wengi kuliko saratani nyingine yoyote katika eneo hili. Marekani, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu kwa kiwango cha karibu mara mbili ya weupe. Mjadala wa Ulaya ni juu ya watu wanaopimwa kupita kiasi. Wetu ni juu ya watu kama baba mkubwa, waliopimwa mara moja wakiwa wameshachelewa. Tusiazime jibu la watu wenye tatizo lililo kinyume na letu.

Nimeahidi kurudi kwenye kidole. Daktari huvaa glavu, huingiza kidole nyuma, huipapasa tezi kwa sekunde chache kusikia kama ni laini au ina uvimbe mgumu. Jambo hilo limegeuzwa utani nchi nzima. Sisi Wanyamwezi tunaujua utani. Ule wetu na Wazaramo umekomaa kwenye njia ileile ya misafara, na ulikuwa njia ya kuwafanya wageni wawe ndugu. Utani wa kidole haufanyi mtu kuwa ndugu wa mtu. Unawafanya wanaume waone aibu kufika hospitalini hata kwa kipimo cha damu, ambacho hakimvui mtu hata shati. Wanaoueneza naomba waache. Na wasiotaka kidole kabisa wajue kwamba wanaweza kuanza na damu, kisha wakaamua.

Kuna aliyelizungumza jambo hili hadharani akiwa juu kuliko sisi sote. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete, akiwa na miaka 64, alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Ikulu ilitangaza, na aliporudi nchini alisema kwa kinywa chake kwamba ilikuwa saratani, iliyogunduliwa mapema. Nakumbuka wiki ile: wanaume ambao hawakuwahi kulitamka neno hilo walikuwa wakiulizana vijiweni PSA ni nini. Ninamshukuru kwa hilo. Mkuu wa nchi angeweza kusema ni uchovu.

Mwanamume wa Sikonge haendi Baltimore. Njia yake huanzia zahanati, ikaja Kitete hapa mjini, au Nkinga kwa wa Igunga. Akihitaji mionzi ataelekea Bugando, Mwanza, kupitia Nzega na Shinyanga, au Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, karibu sambamba na njia waliyoipita wapagazi. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kunyoosha mkono si "kipimo ni shilingi ngapi?" Ni "namba ikiwa juu, nitakwenda wapi, na nani atanisomea?"

Hapa nina lalamiko. Nimeona upimaji wa bure, chini ya turubai, ambako wanaume mia wanachomwa kidole asubuhi na kupimwa kwa kile kikasha kidogo chenye mistari miwili. Kikasha hicho husema tu kama umevuka 4 au hujavuka. Hakitoi namba. Jioni turubai linakunjwa, na wale waliovuka wanaachwa na neno moja, "nenda hospitali." Wengine hawaendi, kwa hofu. Na wale ambao hawakuvuka wanaambiwa wako salama, wakati mmoja wao ana 3.6 ambayo mwaka jana ilikuwa 1.2, na hakuna atakayejua kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Nia ni njema. Kazi ni nusu. Wanaoandaa shughuli hizi naomba wasifungue turubai kabla hawajaandika jina la daktari atakayewapokea waliovuka, na siku atakayowapokea.

Basi nani apime? Mwanamume wa miaka 50 hadi 70 mwenye afya ya kumfanya atarajie kuishi miaka kumi na zaidi, azungumze na daktari kisha apime. Ambaye baba, kaka au mjomba wake aliugua, asingoje 50. Aanze 40 au 45. Kama PSA ni chini ya 1, anaweza kukaa miaka miwili au zaidi bila kurudi. Mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, damu kwenye mkojo au mkojo kuziba, huyo hayuko kwenye mjadala wa uchunguzi. Huyo ni mgonjwa na aende leo. Na wote waombe karatasi yenye namba, tarehe na jina la maabara, waitunze pamoja na hati ya shamba, kwa sababu namba tatu za miaka mitatu humwambia daktari mambo ambayo namba moja haiwezi.

Mama zangu, mmekaa kimya muda wote huu, na ninyi ndio mnaojua nani anaamka mara ngapi usiku. Msinyamaze kama alivyonyamaza mama yangu mkubwa. Alinyamaza kwa heshima, na mpaka leo analia.

Baba mkubwa aliacha watoto wanne wa kiume. Wawili wamepima, na karatasi zao nimeziona. Wawili bado. Mmoja wao ana miaka 47, mwingine 51, na wote wawili wamo humu ukumbini.